Tanuru la Mama Odeta Ndani ya Televisheni

Miaka ile ya tisini, ukipita Magamba, nje kidogo ya mji wa Mpanda, ukaona tanuru la matofali limesimama wima kama limekatwa kwa kisu, hukuwa na haja ya kuuliza nani kalipanga. Ni Libérate, ambaye watu wote walimwita Mama Odeta kwa jina la binti yake. Wanawake wenzake walichota maji na kukanyaga udongo. Yeye alipanda juu, akarushiwa matofali mabichi, akayadaka na kuyapanga huku akiimba. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake kule Katumba, ambako familia yao ilifikia ilipotoka Burundi, yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kitu cha kwanza baba alichomfundisha ni kuacha mdomo chini ya tanuru, njia ya kuingizia kuni. Tanuru lililozibwa kote haliivi.

Basi mwaka 1996 Sylvanus, mwenye kibanda cha video karibu na soko la Mpanda, alishuka kwenye treni ya Tabora amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba kichanga. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu yenye pedi mbili, zile za kushika mkononi na kubonyeza vitufe. Aliiunganisha kwenye televisheni, akawasha jenereta, na mji ukapata kichaa.

Kioo kiligawanyika nusu kwa nusu, kila mchezaji na upande wake. Vipande vya matofali vilidondoka kutoka juu: vingine vya mraba, vingine vimepinda, kimoja kirefu kama fimbo. Ukiujaza mstari bila tundu, mstari unatoweka. Ukitowesha mistari mingi kwa mpigo, takataka zinachomoza chini ya ukuta wa mwenzako na kumsukuma juu. Ukuta wako ukigusa dari, kwisha habari yako.

Benchi la mbele, penye pedi, lilikuwa la wanaume. Wanawake waliruhusiwa kusimama nyuma na kuangalia. Hakuna aliyewahi kuitangaza sheria hiyo, ndiyo maana hakuna aliyejua aende kuilalamikia wapi. Jumapili moja baada ya misa, Mama Odeta alisimama huko nyuma na wifi yake Donatille, akashindwa kujizuia.

"Jamani, nyie mnapanga au mnamwaga?"

Kibanda kizima kiligeuka. Bingwa wa pale alikuwa Nkwabi, kijana wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wa baba yake, rafiki wa Claude, mume wa Mama Odeta.

"Shemeji!" alisema Nkwabi. "Njoo basi utuoneshe. Ila hapa hatuchanganyi udongo na maji."

Sylvanus akampa pedi kwa mzaha. Mama Odeta alikaa, akapanga. Na kweli alipanga! Pembe zimenyooka, kuta zimesimama, watu wakaanza kusogea karibu. Kumbe chini ameacha midomo miwili, mmoja kulia, mmoja kushoto, na juu yake ameifunika vizuri kama alivyozoea. Mistari ikagoma kutoweka. Tanuru likapanda, likapanda, likagonga dari.

"Shemeji, milango yote hiyo ya nini?" Nkwabi alikuwa ameshika mbavu. "Unafuga popo?"

Watu walicheka hadi benchi likaanguka. Mama Odeta naye alicheka, akacheka mpaka akamwegemea Donatille. Lakini njia nzima ya kurudi Magamba alikuwa akichora matofali hewani kwa kidole, na Donatille akajua kuna jambo.

Wiki ile vipande vilimdondokea kila mahali. Kanisani alijaza nafasi za viti kwa macho. Mezani aliukata ugali kwa pembe, akausukuma ukingoni mwa sahani.

"Mama Odeta," Claude aliuliza, "unakula au unajenga?"

"Niache, nimebakiza mstari mmoja."

Jumapili iliyofuata alikwenda moja kwa moja hadi benchi la mbele. Sylvanus akamzuia. "Mama Odeta, ile ya juzi ilikuwa utani. Wateja wangu watanikimbia."

"Mashine yako inajua nani kavaa kitenge?"

Sylvanus akaitazama mashine yake, kama vile ingemjibia. Nkwabi akamwokoa, maana alipenda makelele kuliko chakula. "Mwache acheze. Shemeji akinifunga, kuanzia leo benchi hili ni la yeyote, mwanamke kwa mwanaume, na mimi nitambebea matofali kichwani kesho. Nikimfunga, asiguse pedi tena. Yeye na wenzake wote."

Donatille akamvuta upande. "Wifi, unatuchezea sisi sote."

"Ndiyo maana sishindwi."

Wakaanza. Safari hii Mama Odeta aliacha mdomo mmoja tu, pembeni kabisa, na hakuufunika. Ukuta ulipanda umeshikana, ule mdomo umebaki wazi toka chini hadi juu. Nkwabi alikuwa akitowesha mistari miwilimiwili, na takataka zikamsukuma Mama Odeta karibu na dari.

"Shemeji, popo wako wanakusubiri!"

"Ngoja kuni."

"Kuni gani?"

Kile kipande kirefu kikatokea juu. Mama Odeta akakisimamisha, akakipeleka pembeni, akakishusha mdomoni. Mistari minne ikatoweka kwa pamoja! Upande wa Nkwabi takataka zikachomoza kama zimerushwa na jembe.

"Mama yangu wee!"

"Hayo majivu, shemeji. Yazoe."

Sasa wanawake wote nyuma walikuwa wanaimba, "Kuni! Kuni!" na baadhi ya wanaume, wasaliti wale, wakaitikia. Nkwabi alibonyeza pedi kwa mikono, mabega na ulimi. Kipande kirefu kikaja tena. Mdomoni. Minne mingine. Ukuta wa Nkwabi ukaruka juu, ukagonga dari.

Kibanda kililipuka. Donatille alimkumbatia Sylvanus bila kutazama ni nani, akamsukuma, akamkumbatia tena. Mama mmoja muuza karanga aliruka mpaka karanga zikamwagika, na hakuna aliyejali, zikaliwa pale pale sakafuni. Mama Odeta alisimama juu ya benchi la mbele, akamnyooshea pedi Vénérande, mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kumtafuta tu warudi nyumbani.

"Mama, kaa. Hapa ni petu pia."

Bibi akakaa. Akaishika pedi juu chini, akaminya vitufe vyake kama chuchu za ng'ombe, akauliza maziwa yanatokea wapi, na akagoma kuondoka mpaka jenereta lilipozimwa.

Kesho yake Nkwabi alifika Magamba asubuhi, kata ya majani ya kutulizia mzigo kichwani, akabeba matofali mpaka shingo ikamwingia mabegani. Tanuru lilipokamilika alilizunguka lote akilichunguza, kisha akainama penye mdomo.

"Shemeji," akasema kwa adabu, "na huku nikiingiza kuni, mistari minne inatoweka?"

Mama Odeta, kule juu, alicheka hadi ikabidi ashikwe asidondoke.