Mkuki Mrefu na Mkuki Mfupi

Baba alituachia silaha tatu za babu yake: mkuki mrefu, mkuki mfupi na rungu. Zilikaa konani sebuleni, nyuma ya kochi, nyumbani kwetu Igowole. Nilikua nikiziona kila siku, na kwangu mkuki ulikuwa mkuki tu.

Tuko watoto watatu. Kaka yangu anaishi Mbeya, mimi, binti pekee, nafundisha Iringa mjini, na mdogo wetu wa kiume ndiye aliyebaki kumuuguza baba. Miezi minane alimbeba mgongoni kumpeleka chooni na kumrudisha.

Asubuhi ya kumaliza msiba wageni walipoondoka, tulibaki sebuleni sisi watatu na shangazi, dada yake baba, mama mfupi aliyekwisha kuzeeka sana. Kaka alikuwa na haraka ya kurudi Mbeya. Akasema, kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi, kwamba shamba la miti ameshalipatia mteja.

"Miti ipi?" mdogo wetu akauliza.

"Ya baba. Kuna mingine?"

"Ile tuliipanda mimi na baba. Wewe hata mche mmoja hujaushika."

"Umekaa hapa unakula vya mzee, leo unifundishe mimi?"

Mdogo wetu aliinama nyuma ya kochi, na aliponyanyuka alikuwa na ule mkuki mrefu, ameuinua begani.

Alirudi hatua moja ili aurushe, kitako cha mpini kikagonga ukuta. Akaugeuza, ncha ikakwaruza dari, vumbi likatumwagikia. Kaka alikuwa amepauka usoni. Halafu nikaona macho yake yanahama, yanakwenda konani ulikobaki ule mfupi. Alikuwa karibu nao kuliko sisi wote.

Shangazi naye aliona. Alinyanyuka bila papara, akauchukua mkuki mfupi, akaulaza juu ya kochi na kuukalia. Rungu akaliweka chini ya miguu yake.

"Huo ulioushika ni wa kurusha," alimwambia mdogo wetu. "Mpini mrefu, mwembamba, chuma kidogo, ili uende mbali. Unataka uwanja. Humu ndani utatoboa dari tu."

Akapiga kochi kwa kiganja.

"Huu niliokalia ni wa kuchoma. Mpini mfupi, chuma kipana. Huurushi. Unamsogelea mwenzako mpaka unasikia pumzi yake." Akamgeukia kaka. "Na wewe ulikuwa unautazama. Nimekuona."

"Shangazi, mimi sikutaka…"

"Kaa chini."

Kaka akakaa. Mdogo wetu bado alikuwa amesimama, mkuki begani.

"Rungu," shangazi akaendelea, kwa sauti ya chini sasa, "ni la kumwangusha mtu unayetaka abaki hai. Baba yenu alilipenda hili kuliko yote. Mpe dada yako huo mkuki."

Alinikabidhi. Mpini ulikuwa na jasho lake. Kisha akachuchumaa pale pale akalia, kilio ambacho hakukitoa hata makaburini.

Kaka alimpigia simu mteja mbele yetu, akamwambia miti haiuzwi. Hakumwomba mdogo wake radhi, wala hakusubiri chakula. Tulisikia gari lake likishuka kwenye ukungu, na shangazi hakutoka pale kochini mpaka mlio ulipopotea kabisa.

Silaha zile nilizifunga kwenye blanketi nikazileta kwangu Mlandege, mjini Iringa. Ziko juu ya kabati. Ndugu zangu wanaongea kwa simu sasa, zaidi habari za miti, ambayo walikubaliana kuiacha ikomae. Pasaka iliyopita walikuja wote wawili. Baada ya kula, kaka akaomba nimwonyeshe ule mkuki mfupi, aushike kidogo tu. Nikakataa. Alicheka, akasema mimi mwoga.

Mdogo wetu hakucheka. Alikuwa anamtazama kaka mikono.