Mtani Aliyezimiwa Gari

Jiwe la kwanza lilimpata mtani wetu mdomoni. La pili sikuona limetua wapi, mateke yalikuwa mengi mno.

Tulikuwa Kinjumbi, kwenye arobaini ya bibi. Baba mdogo alikuja kutoka Dar na gari jipya, lile la kuwasha kwa kitufe, ufunguo unakaa tu mfukoni kama pipi. Tangu asubuhi alituhubiria ulinzi wa gari kuliko shehe alivyotuhubiria kifo. Likiibwa, anabonyeza simu, linazima hapo hapo.

"Wa kuliiba hili labda jini," akasema.

"Baba mdogo, majini wa huku wana leseni."

Nikala konzi.

Mtani wetu alikuwa pembeni anasikiliza. Mzee mwembamba, ndiye aliyechimba kaburi la bibi. Kwetu mtani ana ruhusa zake msibani: atabeba hata sufuria ya pilau, akae nayo mpaka tuikomboe kwa kuku, na hakuna kununa. Siku ya mazishi alilala ndani ya kaburi, akasema bibi atafute kwingine, hapa pameshapata mpangaji. Watu walicheka huku makamasi yakiwatoka.

Sasa baba mdogo akavua koti ili anawe mikono, akalitundika kwenye mkorosho. Ufunguo mfukoni. Mtani akalivaa koti, akaingia garini, akabonyeza. Gari likawaka kwa adabu zote, lisijue koti ni la nani.

"Nataka jogoo!" akapiga kelele dirishani, gari likiondoka. "Bila jogoo, hili nampelekea mke wangu afugie bata!"

Tukavunjika mbavu. Wote, isipokuwa mmoja. Dar ilishamsahaulisha baba mdogo mambo ya watani. Akabonyeza simu, akatoka mbio akipiga yowe: "Mwizi! Mwizi!"

Gari lilizimia barabarani, mbele ya kijiwe cha bodaboda. Vijana wale wengi ni wa kuja. Walisikia neno moja tu, likawatosha. Nilipofika walishamburuta nje. Mmoja alimkanyaga mkono, nikausikia mfupa ukilia kama ukuni mkavu. Mwingine alimpiga na helmeti kichwani, damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha gari. Mzee alikuwa anatambaa kuelekea chini ya gari, wakamvuta miguu. Tairi likaletwa. Chupa ya petroli ikafunguliwa.

"Ni mtani wetu!" nikapiga kelele.

"Na wewe mwenzake?" Kofi lililofuata lilinikalisha chini.

Nikamtafuta baba mdogo. Alikuwa ameinama, anapapasa mkwaruzo mlangoni.

"Baba mdogo, wewe ndiye mwenye gari! Sema!" Nikamvuta kanzu. "Mama yako alizikwa na nani? Alizikwa na simu?"

Akageuka. Akauona uso ule, au kilichobaki. Simu ikamdondoka, akajitupa juu ya mzee, na petroli ikamwagikia kanzu yake nyeupe.

"Mtani wangu! Huyu ni mtani wangu! Nichomeni mimi kwanza!"

Wakasita. Mmoja akampiga mzee teke la mwisho, la nauli. Kiberiti kikarudi mfukoni.

Mtani akatema jino. "Gari lenu bovu," akasema. "Limezima lenyewe."

Tulitaka kumkimbiza hospitali kwa gari hilo hilo, lakini kuliamsha kulitaka simu, na simu ilikuwa imesagwa na viatu. Kwa hiyo alipakiwa kwenye bodaboda, mbele yule yule wa helmeti, nyuma baba mdogo amemkumbatia, ananuka petroli na kulia kama mtoto.

Gari lilibaki pale barabarani, hakuna wa kuliiba.

Mzee alipona, ila mkono ule hauinuki tena. Baba mdogo mwenyewe alimpelekea jogoo. Mtani akamkagua, akamrudisha.

"Huyu anawika sana," akasema. "Watu watasema nimemwiba."