Picha Sitini na Nne

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kuota mchana. Haya niliyaona kwa macho yangu, Jumapili, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Ukitaka kucheka, cheka sasa.

Kazi yangu ni kupiga eksirei vyuma vilivyochomelewa. Mionzi hupenya chuma, hufika kwenye kioo kinachong'aa kidogo sana, na kamera iliyo ndani ya boksi la giza hupiga picha ya mng'ao huo. Mwanga ni hafifu, na joto letu hili la Kyela huisumbua kamera, basi kila picha hujaa chembechembe kama pumba za mpunga. Dawa yake ni kupiga nyingi na kuziunganisha. Chembe hurukaruka, zinafutana. Kilichopo kweli hakihami, kinabaki. Kanuni yangu ni picha sitini na nne kwa kila kipande.

Siku ile nilipiga nane. Haya, nimesema. Kivuko kilikuwa kinashushwa ziwani kesho yake, na Ambwene, msimamizi wa wachomeleaji, alinisihi nimalize mshono wa mwisho wakati watu wako kanisani, maana mionzi haipigwi penye watu. Nane zikaonyesha mshono safi. Nikazima mashine, nikashika kalamu nisaini. Wangapi wangepanda kivuko kile kwenda Matema kwa kuiamini saini yangu? Sikujiuliza.

Nikainua macho. Mama mmoja amesimama ndani ya kamba ya hatari, ubavuni mwa kivuko, mikono imemkaukia udongo hadi viwikoni kama wafinyanzi wa kule ufukweni. Nimempiga mtu mionzi! Nikaitazama mashine mara tatu. Imezimwa.

"Ugonile, mwanangu," akasema.

"Ugonile, mama. Toka hapo, nakuomba, ni hatari!"

Hakutoka. Akaanza kugonga bati kwa vifundo vya vidole, sikio ametega, kama wanavyokagua vyungu gulioni. Ngii. Ngii. Halafu, ko.

"Hiki kimepasuka," akasema.

Kisha akanijia. Akanigonga kifuani mara mbili, hapa, akatega sikio lile lile. Nikamwuliza, "Na mimi je, mama?" Akanitazama kwa huruma, akazunguka nyuma ya kivuko. Nilipomfuata nilikuta mchanga mtupu, hata unyayo hakuna.

Nikarudi nikapiga zote sitini na nne, macho kwenye kamba. Hakuingia mtu. Nilipoziunganisha, ufa ulijitokeza, mwembamba kama uzi. Kando yake palikuwa na mifupa ya vidole vinne vilivyokunjwa, vimegusa bati. Nikafungua picha moja moja: chembe tupu. Unaelewa maana yake? Kinachobaki ni kile kisichohama. Alikuwa amesimama pale muda wote, nami simwoni.

Ambwene alitoka kanisani akiwa na Biblia kwapani.

"We mtu we! Kesho kinashuka, leo unaniletea ufa?"

Akachukua grenda, akausaga mshono kwa hasira mpaka ufa ukafunguka wenyewe mbele yetu. Akakaa chini mchangani na nguo zake za Jumapili. Nilipomwonyesha vile vidole alisema neno moja tu: "Futa." Nikafuta. Mshono ulichomelewa upya, na kivuko kinasafiri hadi leo, ndaga, yaani asante, kwa yule mama.

Mimi ndiye sijapona. Usiku najigonga kifua na kusikiliza, mwenzangu ananiona nimerukwa na akili. Nimeshapigwa eksirei hospitali tatu, na zote zinasema kifua ni safi, niache wasiwasi. Nawauliza walipiga picha ngapi. Moja, wananijibu. Moja tu!

Kwa hiyo wewe unayekagua kitu watakachopanda wenzako, usipunguze hesabu kwa sababu ya haraka ya mtu. Mimi nilipiga nane, nazo zilisema safi.