Mizunguko Ishirini na Miwili Iliyobaki

Juzijuzi ndugu yangu alinipigia simu kutoka nyumbani Kimulot. Anabomoa jiko la nyanya, akasema, niende nichukue kikapu changu kabla mafundi hawajakichemshia chai. Nikaenda. Kilikuwa kinaning'inia pale pale kwenye boriti, cheusi kwa moshi, mdomo wazi, fito zimesimama kama nywele za mtu aliyeamshwa vibaya. Nikahesabu mizunguko: thelathini na minane. Nikahesabu tena nikianzia chini, maana mara ya kwanza mtu hujihurumia. Thelathini na minane.

Kama umezaliwa juzi, hujui vikapu tulivyochumia chai miaka ya sitini kuingia sabini. Vilikuwa vya mianzi ya msituni, virefu, vya mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Upande wetu vilisukwa na nyanya, kogo kwa lugha yetu. Wanaume walisema mianzi si kazi ya mama. Akawauliza kama chai inajua.

Akishakamua ng'ombe na kutumiminia mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, aliketi mlangoni na kusuka mizunguko kumi. Si tisa, si kumi na mmoja. Mvua ya mawe ikichapa chai, kumi. Kukiwa na harusi, kumi kwanza, gauni baadaye. Nakumbuka siku jino lilimvimbisha shavu likawa kama kiazi cha Londiani: kumi, huku akiguna. Kikapu kilikuwa na mizunguko sitini, kwa hivyo kilichoanza Jumatatu kilifungwa mdomo Jumamosi, na Jumapili yeye alikuwa kanisani akiimba kuliko wote.

Mianzi ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, maji: kikapu ambacho hakijaisha hunyunyiziwa kila asubuhi, la sivyo fito hukauka na siku ya kuzikunja ukingoni zinakatika. Ya pili, aliyekianza ndiye hukifunga. Mikono miwili haivuti sawa, alisema. Kikapu cha watu wawili hupinda mgongoni mwa mtu wa tatu.

Nilipofika miaka kumi na miwili, ukungu ulikuwa umeanza kumwingia machoni. Akatukagua vidole wajukuu wote, akashika vyangu.

"Macho yangu inaenda," akasema. "Sitaki hii kazi iende nayo."

Jumatatu nikasuka kumi. Jumanne kumi. Jumatano kumi, na vidole vimechanika. Alhamisi asubuhi nikafungua biashara.

"Kogo, leo nifanye ishirini, kesho nipumzike."

"Wewe mama, unaweza kula ugali ya kesho leo?"

"Ukinipea, nitajaribu."

Jirani yetu, mama aliyekuja kuomba moto, alicheka mpaka akamwaga makaa. "Huyu ataenda kuuzia watu wa Londiani viazi."

Nyanya pia alicheka. Lakini ilibaki kumi.

Siku hiyo nilikuwa nimefika minane shangazi alipokuja kunichukua nimsaidie kukaanga mandazi sokoni Kaplong. Nikasimama na kujipangusa mikono. Nikamwambia nyanya ile miwili nitaiongeza Jumamosi, nifanye kumi na miwili. Alichukua kibuyu, akanyunyizia kikapu changu maji.

Nilikuja kugundua kwamba nina mdomo wa kuuza, nikabaki kwa shangazi. Na Jumamosi, kama unavyojua, ndiyo siku ya soko. Nilikuwa nikija nyumbani mara moja moja, kila mara na ofa mpya: nitafanya thelathini Krismasi, nitamaliza chote likizo. Yeye alijibu neno lile lile. "Kikapu yako iko na maji." Mwaka ule macho yake yalifunga kabisa. Vikapu vyake vikaisha, lakini changu alikifikia kila asubuhi kwa kupapasa ukuta.

Alikufa kabla mwaka haujaisha. Mazishini yule jirani alinivuta kando. "Hata jana yake alikinyunyizia. Nikamwambia, mama, huyo harudi. Akaniambia nisogee, nimemzibia njia."

Nikaingia jikoni, nikashika fito moja. Ilikuwa na unyevu bado. Niliikunja, ikakubali. Ningeketi pale pale. Kazi ya siku mbili na kidogo, kwa hesabu yake. Lakini wageni walikuwa hawajala, na sufuria ziliningoja. Nikajiambia, tukishazika. Tulipomaliza kuzika nikajiambia, wakishaondoka. Siku ya tatu nilikuwa Kaplong nikipanga mandazi.

Mengi niliyoanza tangu hapo yana umbo hilo hilo. Cherehani, kozi ya uhasibu niliyoacha karibu na mtihani, shamba la kabeji. Nilikuwa hodari siku ya kwanza. Na siku ya nne nilikuwa hodari pia, wa kutafuta bei.

Safari hii nilikiloweka kikapu kwenye pipa siku mbili. Siku hizi chai inakatwa na mashine, na mchumaji aliyebaki hubeba plastiki. Huko kwetu hakuna hata wa kumuuliza habari za kusuka. Nikakunja fito ya kwanza. Ikakatika kama biskuti. Ya pili pia. Ya tatu niliiacha.

"Unachukua, ama tuwashe?" ndugu yangu akauliza. Mafundi walikuwa wamesimama na sufuria.

Nikamwambia anipe mpaka kesho.