Kadi Imeshuka, Hans Hajaonekana

Saa kumi jioni, lango la Momela. Nanyori Kaaya amesimama mlangoni mwa ofisi ndogo ya ushirika wa wapagazi, simu mkono mmoja, kikombe cha chai iliyopoa mkono wa pili. Hakai. Anaingia kutazama skrini, anatoka kutazama njia inayoshuka kutoka Mlima Meru, kisha anaingia tena, kana kwamba skrini inaweza kubadili mawazo.

Skrini imeshajibu: HAPANA.

Ni jibu la swali aliloliandika mwenyewe. Kila kundi likishuka na kadi za wapagazi kusomwa langoni, kanzidata huulizwa kama kuna yeyote aliyepanda na bado hajarudi. Mashine haitaji jina wala haielezi kitu. Inarudisha kweli au si kweli, na skrini inaonyesha ndiyo au hapana. Hapana maana yake wote wamefika, ofisi ifungwe.

Leo Nanyori haiamini. Hajamwona Hans.

Nanyori, 29, ni mtengenezaji wa mifumo ya kompyuta. Amezaliwa Tengeru, ambako mama yake bado anauza mboga, na sasa amepanga Sokon I, mjini Arusha. Angeweza kabisa kulisoma jibu hilo akiwa mezani kwake mjini. Badala yake, kila kundi linaposhuka anakuja huku kwa nauli yake, na hakuna aliyemwomba. Wapagazi wanamtania kwamba ana mchumba mlimani.

"Nikikaa mjini situlii," anasema. "Nikija huku situlii pia, ila angalau naona."

Yalianza msimu uliopita. Hans Yiamat, mpagazi wa miaka mingi, aliugua njiani wakati wa kushuka. Wenzake walifanya kile ambacho wapagazi wa hapa wamefanya siku zote: mmoja aliupokea mzigo wake ili yeye atembee mikono mitupu, taratibu, nyuma yao. Kadi ya Hans ilikuwa imefungwa kwenye mzigo, kama wote wanavyofunga. Mzigo ukafika, kadi ikasomwa na mashine, Hans akahesabiwa ameshuka.

Jioni ile mkewe, Nashilu, alipiga simu kuuliza. Nanyori alitazama skrini akamjibu kwa furaha kwamba hakuna aliyebaki mlimani. Kulipopambazuka askari wa hifadhi walimkuta Hans amejikunja kando ya njia, hawezi hata kusema. Nimonia ilimlaza hospitalini, na msimu ukaisha hajabeba kitu.

"Mfumo haukukosea," anasema Nanyori. "Niliuliza habari za kadi, ukanijibu habari za kadi. Mimi ndiye niliyemwambia mke wa mtu kuwa hiyo ni habari ya mume wake."

Tangu hapo anataka jibu la tatu: HAIJULIKANI. Kadi ikifika bila mwenyewe kuonekana kwa macho, mashine isiseme ndiyo wala hapana. Katibu wa ushirika, Oscar, hataki kabisa. Kwake yeye familia zikipiga simu zinataka kutulizwa, na ofisi isiyojua watu wake wako wapi ni aibu tupu. Mwandishi wa makala haya alikaribia kukubaliana naye, mpaka simu ya Nanyori ilipoita.

Ni Nashilu. Leo Hans anarudi kutoka safari yake ya kwanza tangu augue, na mkewe anauliza kama ameshuka. Oscar, funguo mkononi, anaonyesha skrini kwa kidevu. Nanyori anaitazama, kisha anaipa kisogo.

"Mama Elizabeth, kadi yake imefika. Yeye mwenyewe sijamwona. Sijui alipo."

Oscar amekunja uso.

"Siku ile ungeniambia hivyo, mdogo wangu, ningewatuma shemeji zangu wakamfuate kukiwa na mwanga," anasema Nashilu. "Haya. Usiondoke hapo."

"Siondoki."

Oscar anaweka funguo mezani. Nje, Frederick, aliyebeba mzigo wa Hans leo, anasema alimwacha karibu na mto, akilalamikia goti. Hakuna anayemgombeza, naye hasubiri kuombwa. Anageuka kurudi juu pamoja na askari mmoja, na Oscar anawafuata akiwa na viatu vyake vya ofisini.

Nanyori anabaki mlangoni. Chai anaimwaga. Anazunguka jengo, anarudi, anajaribu kunieleza jambo fulani la programu, anaacha katikati ya sentensi.

Jua limeegemea upande wa pili wa mlima wanapotokea. Hans anachechemea, mkono begani kwa Frederick, amekasirika kwa kufuatwa kama mtoto. Anasema alikuwa anakuja tu. Nanyori anamshika mkono wa koti, anampigia Nashilu, anampa Hans simu aongee mwenyewe. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nifike, anakaa chini.

Jumamosi wanachama wana mkutano, na atalipeleka tena jibu lake la tatu. Anatumaini iko siku atakaa mjini, asome skrini na kunywa chai ikiwa bado ya moto.

Oscar anapangusa tope kwenye viatu. Anasema ombi hilo atalisimamia yeye, ila neno hilo libadilishwe.

"Usiandike haijulikani," anasema. "Andika hatujui. Anayepiga simu ajue ni sisi tusiojua."