Sarafu Iliyorudi Inang'aa

Zerife hakuwa mtu wa kumwamini mtu. Mtungi wa siagi aliufunga kwa fundo alilolijua mwenyewe, na katika soko zima la Mardin hakuwahi kunywa chai ya mwenye duka hata mmoja, maana ukishainywa huwezi tena kumwita mwizi.

Kwa hiyo sonara Gebro alipomrudishia sarafu yake, glasi ya chai ilikuwa ikipoa pembeni.

"Hii si yangu."

"Ni yako, Mama Zerife. Nimeiosha tu."

"Yangu nyeusi. Hii yang'aa kama jino la bandia."

Ilikuwa sarafu ya fedha isiyo duara, pembe huku, bonde kule, na ilikaa katikati ya utepe wa kichwani alioolewa nao mama yake, kisha yeye. Kesho ilikuwa zamu ya mjukuu wake, Berfin. Lakini wakwe walishaanza kucheka: hicho kipande cha sufuria ndicho mtakachomvisha binti? Zerife akaifumua kwa hasira, akaileta isomwe.

"Masizi yaliifunika," Gebro alisema, akiishika chini ya kioo cha kukuzia. "Zamani walikata fedha kwa mkasi, wakaigonga muhuri kwa nyundo. Nusu ya maandishi yameangukia nje. Jina la mfalme limebaki mkia tu. Ila hapa pameandikwa Mardin. Imetengenezwa hapa hapa, yapata miaka mia nane iliyopita."

"Ahaa! Umeona ina thamani, ukanibadilishia."

Watu wa duka la jirani wakachungulia.

"Mama, unaniita mwizi mbele za watu?"

"Kwani nimekunywa chai yako?"

Akautoa utepe kifuani. Hariri nyekundu ilikuwa imepauka kwa kutundikwa dirishani, ila pale sarafu ilipolala wekundu ulibaki, kwa umbo lake lile lile. Akaiweka sarafu juu yake, jina la mji likitazama juu. Pembe ikatokeza nje.

"Haya! Semeni sasa!"

"Igeuze," Gebro akasema, mikono nyuma.

Akaigeuza. Pembe ikaingia mahali pake, na bonde mahali pake. Miaka yote hiyo jina la mji lilikuwa likitazama nywele.

Zerife akachomoa sindano kwenye ukosi. Akaishona maandishi yakitazama nje, wekundu uchungulie pembeni utakavyo, wakwe wasome. Kisha akavuta glasi.

"Imepoa hiyo, mama. Nikuletee nyingine."

"Nimelalamika?" akasema, akainywa mpaka kwenye sukari ya chini.