Msusi na Gemu ya Ngumi

"Hivi, mama, wewe mtu wa sala, unakaaje nyumba moja na wifi anayepigana mchana kutwa?" jirani aliniuliza tukianika nguo. Ukuta wetu ni mmoja, na kelele za ngumi zilikuwa zinamfikia mpaka jikoni.

Nikamjibu, "Anapigania mkono wake."

Wifi yangu, mke wa kaka, ni msusi. Wateja walimpa jina la Vidole, maana kichwa alichokisuka yeye hakifumuki upesi na wala hakimuumizi mtu. Mwaka jana kiharusi kilimpitia upande wa kushoto. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi, Mungu ni mwema, lakini vidole vya kushoto vikabaki kama vya kuazima. Alijaribu kumsuka binti yake. Mistari ikaenda kombo kama njia ya mbuzi. Tangu hapo hakugusa kichwa cha mtu. Hospitali walimpa mpira wa kubinya. Haukupita muda nikaukuta uvunguni.

Kaka ni fundi wa kuchomelea mageti. Ana mvi, lakini ukimkatiza kwenye katuni yake ya Kijapani utamjua. Katuni hiyo imetengenezewa gemu ya kupigana: kila mtu ana padi yake ya vitufe mkononi, anachagua mpiganaji, na vidole ndivyo vinavyorusha ngumi. Jioni moja akamwekea mkewe padi mapajani.

"Chagua mtu wako."

Wifi akawapita wababe wote, akamchukua kijana mwembamba mwenye nywele za kufika magotini.

"Huyo ndiye dhaifu kuliko wote, mke wangu."

"Lakini nywele zake zinasukika."

Padi ikawa inamponyoka. Basi akafanya jambo ambalo angelifanya msusi tu: akaibana kwa magoti, kama anavyombana mtoto asiyetulia, akainama juu yake. Kaka alicheka mpaka akakohoa.

"Unapigana au unatafuta chawa?"

"Wewe cheka tu. Wenye vichwa vikubwa nimewasuka wengi."

Ila sasa mkono mgonjwa haukuwa na mzigo wa kubeba. Kazi yake ikawa kubonyeza. Mapigo makubwa yana mpangilio wake, na wifi akayashika kwa lugha ya kazi yake, akinong'ona: pembeni, katikati, pembeni, kaza.

Nilimwomba kaka amwachie ashinde hata mara moja.

"Dada, nikimwachia, nitakuwa nimemwambia kwamba amekwisha."

Miezi ikapita hivyo, mimi nasali, wifi anapigwa kwenye gemu. Kidole cha shahada kikaamka. Kidole cha kati kikafuata, kwa uvivu wake.

Kisha siku moja narudi kutoka ibadani, nikakuta sebule imenyamaza. Kwenye skrini yule mwenye nywele amesimama, mbabe wa kaka kalala chali. Kaka alikuwa anaigeuzageuza padi yake kama iliyomsaliti.

"Turudie," akasema.

"Sirudii. Nina kazi."

Wifi akaweka padi mezani, akatupa mto sakafuni mbele ya magoti yake, akachukua chanuo. Mkono wa kushoto ulikuwa bado unatetemeka kidogo. Akanitazama, nami nilikuwa nimeshaanza kufungua kitambaa changu cha kichwani.

"Wifi, naomba ukae hapa," akaniambia. "Mistari ikienda kombo, usiniambie mpaka nimalize."